Mate ya Mzee Osward

Mzee Osward alikuwa akitwanga tumbaku uani kwake Itaka, pikipiki ya nesi ikasimama nje.

"Wasoma mate wamefika," alimwambia mkewe. "Mama Jastin, waletee miwani!"

Leah hakucheka. Alikuwa akichekecha ugoro uliokwisha kutwangwa, ule ambao yeye na mumewe waliubana mdomoni tangu ujana. Pembeni uji wake ulikuwa ukipoa. Wa moto hauwezi siku hizi, kwa sababu ya jino, alisema.

Mwezi uliopita nesi Judith aliona doa jeupe ndani ya shavu la Osward, akampa kichupa: ateme asubuhi kabla ya kula, mate yakapimwe vinasaba Dar es Salaam. Osward alicheka hadi akakohoa. Mate ya mzee ni ya kubariki wajukuu. Tangu lini yakapandishwa basi, yakafunguliwe na watu asiowajua? Lakini kesho yake kichupa kilikuwa kimejaa, na majirani walishangaa alivyokikabidhi kwa adabu.

Judith aliketi kwenye kigoda, helmeti mapajani.

"Baba, ulitema mwenyewe, kabla ya kula?"

"Kichupa si kilijaa? Au mlitaka ndoo?"

Judith alivuta pumzi. "Majibu si mazuri, baba. Vinasaba vimebadilika kwa namna ya saratani ya kinywa. Daktari atakata kinyama kidogo ahakikishe. Ila tumewahi, na mabadiliko yenyewe yanawaonyesha madaktari dawa ya kuanza nayo."

Osward aliangua kicheko, akakipiga kinu kofi. "Saratani! Umesikia, Mama Jastin? Mashine ya mamilioni, na mganga wa mnadani angebahatisha vizuri zaidi! Hii tumbaku iliyobaki tutatwanga kesho. Leo nimecheka vya kutosha."

Akaulaza mchi juu ya kinu. Leah alikuwa ameacha kuchekecha.

Judith alisubiri kicheko kiishe.

"Kuna jambo limewatatiza kule," akasema. "Haya mate, baba, ni ya mwanamke."

Chekeche lilikuwa limeinama magotini mwa Leah, ugoro ukimwagika. Mkono wake ulikuwa shavuni.

"Baba Jastin," akasema, "si ulisema niteme mimi, ili tuwacheke?"