Mabanzi ya Mzee Shekue

"Kwani utafungua wewe mkono aliofunga Mzee Shekue?" jirani alimwuliza Mama Tunu juzi, akacheka. Mji mzima ulijua kwamba afungaye mabanzi ndiye ayafunguaye, la sivyo mfupa haukubali kuunga.

Asubuhi hii mama, macho mazito kwa kukesha, alifinya vidole vya mkono uliovunjika wa mwanawe. Vilikuwa vimevimba, vya baridi.

"Unasikia, Tunu?"

"Umeshafinya, mama?"

Akasema bismillahi, akakata kamba zote.

Mzee Shekue aliingia na mafuta yake, akayaona mabanzi sakafuni.

"Umeniaibisha, mama."

"Ulikaza mno, baba. Nisamehe."

Mzee alipiga goti, akaubonyeza ukucha wa mtoto, akauachia. Ulibaki mweupe. Wote watatu waliutazama. Kisha wekundu kidogo ukaanza kurudi, kwa pembeni. Mzee akaokota mabanzi yake, akatoka.