Kindi na Tundu la Hondohondo

Hapo kale, miti ilipokuwa bado ikisikia, Bi Kindi aliwaacha wanawe tunduni akashinda akimchungulia Hondohondo, ndege wa mdomo mrefu, wa mwisho wa aina yake katika msitu ule, aliyejiziba kwa udongo ndani ya mti ili atage.

"Shoga, humo ndani unafanya nini?"

"Na wanao wanakula nini?" akauliza Hondohondo.

Kindi akacheka, akaenda kuwasimulia nyani.

Siku moja akakuta udongo umebomolewa, kiota kitupu. Akakimbilia kwake na umbea wake wa moto. Akakuta tundu lake mwenyewe limezibwa kwa udongo, umebaki ufa tu.

"Wanangu, fungueni."

"Mama tunaye," wakajibu wanawe, kwa sauti ya ndege.

Mdomo mrefu ukatokeza. "Ulivyonichungulia, nami nilikuwa nakutazama, shoga. Lete tunda."

Kindi huleta mpaka leo, wala hajui anayepokea ni ndege au ni wanawe.