Sikio la Stosh

"Vuta," alisema Stosh Wieczorek. "Vuta kwa nguvu, haitakuuma. Ni takataka tu."

Lowell Tibbets akavuta. Waya ukachomoka, na kidude kilichokaa juu ya injini ya gari lake, Pontiac, kikabaki kimekufa. Kwa nje kilifanana na kabureta ya zamani, ile inayorekebishwa kwa bisibisi. Mtu angeweza kufungua boneti, akatazama, akafunga bila kushuku kitu. Ndani yake mlikuwa na kompyuta, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikipima petroli na hewa, bila kumuuliza mtu.

Klabu yao ya magari hapo Bay City ilikuwa na sharti moja lisilojadiliwa: gari la zamani, injini inayorekebishwa kwa mkono. Jumamosi magari yangepita barabara kuu kwa msafara, kama kila kiangazi. Lowell alikuwa amepewa mpaka siku hiyo. Kompyuta itoke, au arudishe jaketi la klabu. Jaketi lenyewe lilikuwa la marehemu baba yake, na jina la baba yake lilikuwa bado limeshonwa kifuani.

Aliyetoa hukumu hiyo ni Stosh. Yeye ndiye aliyesikiliza injini ya kila gari kabla ya msafara, na alilolikataa halikutoka gereji.

"Hebu nieleze," alisema sasa, akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Gari la mwaka sitini na nane. Wewe unakwenda kulitwika mashine ya kufulia nguo kichwani. Umepata nini?"

"Linawaka asubuhi za baridi," alisema Lowell, kichwa kikiwa ndani ya boneti. "Halafu petroli..."

"Ukiongea na mimi, nitazame mimi. Usiongee na injini."

Lowell akainuka, akamgeukia. "Linawaka kwenye baridi, mzee. Petroli imepungua. Mke wangu Noreen analiendesha mpaka dukani bila kunipigia simu nikamwokoe. Nguvu ni zile zile, sikudanganyi. Kama ni mbio tu nilitaka, ningesema nimetupa hela."

"Umeona! Umesema mwenyewe."

"Lakini mimi sina sikio, mzee. Baba alikuwa nalo, wewe unalo. Mimi nilipewa masikio ya kutundikia miwani."

"Asiye na sikio auze gari, anunue friji," alisema Stosh. "Itamngurumia jikoni mchana kutwa, wala haitamdai chochote. Njoo huku nikuonyeshe gari."

Plymouth yake ilikuwa upande wa pili wa gereji, nyeusi, inang'aa. Hakuna mwanachama aliyewahi kuruhusiwa hata kushika spana karibu nayo. Stosh aliiwasha, akachukua bisibisi, akaweka kiganja cha kushoto juu ya bodi, kama alivyofanya siku zote, kisha akainama na kuanza kuzungusha skrubu ndogo. Watu walikuwa wakija kutoka miji ya jirani kutazama kiganja kile.

Lowell alisimama nyuma yake. Baada ya muda akasema, "Mzee, mbona kama inamisi kidogo, inarukaruka?"

Stosh hakugeuka. Alizungusha tena skrubu, kidogo sana, kama mtu anayefungua kasha la fedha.

"Umesikia hiyo?" alisema, akinyoosha mgongo. "Laini kama siagi. Haya, kaiambie kompyuta yako ifanye hivyo."

Lowell akasikiliza tena. Aliyokuwa akiyasikia hayakufanana na siagi. Lakini nani alikuwa na sikio pale?

"Nimesikia," alisema, akatazama chini.

Stosh aliizima, wakarudi kwenye Pontiac. Lowell akajilaza sakafuni, akafungua sensa iliyokuwa imefungwa kwenye bomba la moshi, akaitoa.

"Na huo uchafu ni nini?" aliuliza Stosh.

"Ndiyo pua yake. Inanusa moshi, halafu inaiambia kompyuta kama petroli imezidi au imepungua."

"Pua!" Stosh aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. "Mimi pua nimezaliwa nayo." Akaitupa ndani ya pipa la matambara machafu.

Taa ya mlango wa jikoni ikawaka na kuzima mara mbili; ndivyo mkewe Stosh alivyomwita siku hizi.

"Bernadette ameshaandaa," alisema Stosh. "Kabichi za kufungia nyama. Sikukaribishi, hizo hupikiwa watu wa kabureta. Nyaya na pampu ya kwenye tangi tutang'oa kesho. Kabureta ya baba yako utaifunga mwenyewe. Mimi nitasikiliza."

"Asante, mzee," alisema Lowell. Alichukua jaketi kwenye msumari, akalivaa ingawa hakukuwa na baridi, akaondoka kwa miguu. Pontiac ilibaki na boneti wazi, nyaya zikining'inia.

Stosh alishusha mlango wa gereji. Alikwenda kwenye pipa, akapekua matambara mpaka akaipata ile sensa. Aliifuta kwa shati lake, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa ya aina ile ile, na bado mpya.

Alijizungushia kitambaa mkononi kwa sababu ya joto la bomba, akajisukuma chini ya Plymouth, akafungua sensa yake iliyoungua, akafunga ya Lowell. Taa ya jikoni iliwaka na kuzima tena, akaiacha isubiri. Aliketi kwenye usukani, akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa kioo kidogo cha kompyuta chenye waya, kilichokuwa kikiwaka rangi nyekundu tangu Jumatatu. Akavaa miwani, akageuza ufunguo, akakodoa macho, akingoja kioo kimwambie injini inasemaje.