Radhi Siku ya Vunja Jungu

Mara tatu Khawla alipita mbele ya nyumba ya kina Riyama, na mara tatu alijifanya anatafuta duka. Nusu ya mtaa wa Bububu ilikuwa imeshamwona na kopo lake la visheti. Mara ya nne mlango ulifunguliwa kabla hajaupita.

"Hebu ingia, mwanangu, jua kali hilo," alisema Bi Ummkulthum, mama yake Riyama.

"Shikamoo, Bi Ummkulthum."

"Marahaba. Umekuja kuombana radhi, sio? Karibu. Riyama yuko uani."

Ilikuwa siku ya vunja jungu, na kesho ilitarajiwa kuwa Ramadhani. Siku hiyo watu hula wakashiba, hutembea pwani, kisha hubisha hodi kwa waliowakosea, maana hakuna anayetaka kuingia mwezi mtukufu na kinyongo cha mtu. Wengi huyasema maneno ya radhi juu juu tu, kama salamu. Khawla hakuwa na ruhusa ya kuyasema juu juu.

Wiki tatu nyuma, klabu yake ya Mkunazini ilicheza mechi ya mwisho ya ligi ya mpira wa magongo. Wanaume wa klabu, kaka yake Ammar akiwemo, walikuwa wameshamaliza msimu wakishika mkia. Tumaini lote likabaki kwa wanawake, na wanawake walihitaji goli moja tu dhidi ya Bububu. Goli hilo alilifunga Khawla, dakika ya mwisho.

Ila kabla hajausukuma mpira kwa gongo lake, ulimgonga kiatu cha kushoto. Ulimgonga hasa, akausikia hadi kidoleni. Na katika magongo, mpira ukimgusa mshambuliaji mguuni, hakuna goli. Refa alikuwa amezibwa na kundi la wachezaji waliobaki nyuma. Aliyekuwa karibu ni mmoja tu, Riyama, kipa na nahodha wa Bububu.

"Mguu!" Riyama alipiga kelele. "Wallahi nimeuona kwa macho yangu!"

Refa akamgeukia Khawla, kwa kuwa alimjua ni binti mwenye adabu zake. "Umekugusa?"

"Hapana," alisema Khawla.

Neno moja tu, na lilitoka jepesi kuliko alivyodhani.

Riyama hakunyamaza. Aliapa mara ya pili, akaapa mara ya tatu, akavua kofia yake ya kipa na kuitupa miguuni mwa refa. Akatolewa kwa kadi nyekundu. Kamati ya ligi ikamfungia msimu mzima unaokuja, na wenzake wa Bububu wakamvua unahodha. Mjini wakambandika jina la Bi Shahidi. Njia ya mwongo fupi, walisema, wakacheka. Kwenye karamu ya ubingwa Ammar alimwigiza Riyama anavyoapa, mkono mmoja juu, na Khawla naye alicheka. Kicheko kile kilimtia aibu kuliko hata goli lenyewe.

 Kila alipopewa hongera alitazama chini, na watu wakamsifu kwa unyenyekevu wake.

Leo alikuwa amekata shauri. Angemwambia Riyama ukweli, kisha wangekwenda pamoja mbele ya kamati, kikombe kirudishwe na Riyama afunguliwe. Ammar angemnunia. Klabu nzima ingemnunia. Na wanune.

"Usishangae akivikataa visheti vyako," alisema Bi Ummkulthum walipokuwa wakielekea uani. "Juzijuzi kafunga siku tatu mfululizo, na hata baada ya hapo hali kitu cha maana. Nikimuuliza, hanambii."

Funga za sunna za Shaabani, aliwaza Khawla, akazidi kujiona mdogo.

Riyama alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Alipomwona mgeni aliinuka haraka, na mchele kidogo ukamwagika. Mama yake akawaacha peke yao.

"Riyama," alianza Khawla. "Nimekuja kukuomba radhi. Siku ile ya mechi..."

"Wewe uniombe mimi?" Riyama alimkata. "Usinizidishie aibu, Khawla. Wiki tatu hizi nnatafuta uso wa kuja kwenu, siupati."

"Nisikilize kwanza."

"La, nisikilize wewe. Nikinyamaza sasa sitoweza tena." Alisema macho yake yakiwa sakafuni. "Sikuona kitu mimi. Ulipokuja na mpira nlifumba macho kwa khofu. Nlipofumbua, ushaingia. Kipa, tena nahodha, kafumba macho. Nkaona haya, nkasema mguu. Nkaapa kwa jina la Mungu juu ya kitu sikukiona, nkakusingizia mtoto wa watu mbele ya uwanja mzima. Nshafunga siku tatu za kafara ya kiapo kile na moyo bado haujatulia. Walivyonifungia wamefanya haki."

Khawla alifungua mdomo. Maneno aliyoyapanga tangu asubuhi yalikuwa pale pale, yote, hakuna hata moja lililompotea.

Kumbe hakuna aliyeona. Hakuna hata mtu mmoja.

"Utanisamehe?" aliuliza Riyama, machozi yakimtiririka.

Khawla aliweka kopo la visheti chini, akamshika mikono yote miwili.

"Nshakusamehe zamani," alisema.