Maua ya Kivulini

Kila asubuhi Bi Tatu aliyamwagilia maua yake kivulini nyuma ya nyumba, yale mekundu yanayochanua mara moja tu kwa mwaka, masika yakianza. Leo alikuta mashimo.

"Nimeyang'oa twende nayo, mama," alisema Saumu, mke wa mwanawe, aliyekuja kumhamisha. Beseni lilijaa miche, mizizi nje, vitumba vimeanza kuiva. "Kwetu uani jua tupu. Yatanawiri."

Mwezi mzima, kila walipomtajia kuhama, Bi Tatu alikuwa akiitikia tu. Sasa akapiga magoti, akarudisha mche mmoja shimoni, akaushindilia udongo kwa viganja.

"Kule yataungua," alisema. Akanyoosha mkono kuchukua wa pili. "Na mimi siendi, mwanangu."