Firigisi ya Mgeni

Majirani walijazana sebuleni kwa Mzee Mbelwa kuangalia kipindi cha yule mzungu anayezunguka dunia kwa pikipiki akionja vyakula vya watu. Leo ilikuwa zamu ya nyumba hii. Mkewe, Mama Mkunde, alikuwa amepika kuku tena, kama siku ile mgeni alipokuja.

"Wa mbele kaeni chini jamani, wa nyuma nao waone!" jirani mmoja alipaza sauti.

Kwenye runinga, Mzee Mbelwa alijiona akichukua firigisi, kipande cha baba mwenye nyumba, akimwekea mgeni kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akatoka kumfuatia maji ya kunywa. Alipotoka tu, mgeni akaitazama kamera, akaikunjia pua ile firigisi, akamrushia mbwa.

Mkono wa Mzee Mbelwa uliinuka kidogo, ukarudi gotini.

"Zima, Baba Mkunde," mkewe alinong'ona.

Hakuzima. Sahani yake ilikuwa inapoa mbele yake, firigisi juu ya wali. Kwenye runinga pikipiki iliondoka na vumbi lake, na nyuma yake mume na mke wakabaki barabarani wakipunga mikono, wakicheka, wakizidi kupunga.