Kadi ya Kitunguu

Kitabu cha ishirini na sita kilirudi kama wenzake wote: kimevikwa gazeti kuukuu, na pini ya nguo imebana jalada pamoja na ukurasa wa kwanza, pale penye muhuri wa shule.

"Bibi, mbona unajisumbua hivi?" aliuliza Mama Vitabu, akihangaika kuichomoa ile pini. Hilo ndilo jina watoto walilompa mkutubi wa shule yao ya msingi, naye alilipenda kuliko lile la kwenye cheti.

"Si mjukuu wangu, mwanangu? Akiuona tu muhuri wa shule, hasomi. Ataniambia, Bibi, niko likizo."

Mama Vitabu alicheka, akafungua kadi na kugonga nyota nyingine. Kwenye jalada la kadi palikuwa na jina moja tu: Kitunguu. Siku ya kuandikisha aliuliza jina kamili, bibi akasema hilo latosha, nyumbani hawamwiti vingine. Kisa? Ukimgusa kidogo tu, machozi.

Mpango wenyewe wa kusoma likizo haukuwa na makuu. Msomaji anaazima kitabu, anamsomea mkubwa wake nyumbani kwa sauti, kisha mkubwa anakuja maktaba kusimulia alichosikia. Akisimulia kikaeleweka, nyota. Nyota thelathini, umemaliza.

Watoto walianza kwa mbio, wakaishiwa pumzi njiani. Aliyetangulia, binti wa fundi cherehani, alikwama kwenye kumi na tisa alipopelekwa kwa shangazi yake. Na pale koridoni madawati mabovu yalikuwa yamebebana hadi darini, yanasubiri.

Yalisubiri chumba hiki. Mwalimu Mkuu, aliyehamia shuleni mwaka huo na ambaye hakuna aliyewahi kuiona shingo yake bila tai, alishasema maktaba inakula nafasi ya bure. "Siku hizi hakuna anayesoma, Mama Vitabu. Hakuna! Nioneshe mtu mmoja, mmoja tu, aliyemaliza vitabu thelathini likizo hii, nami chumba sikigusi."

Mama Vitabu hakuzubaa. Aliyaandika maneno hayo hayo kwenye karatasi, akamtaka atie saini, akaibandika mlangoni.

Karatasi hiyo ndiyo iliyomleta bibi. Alikuwa anapita tu, akasimama kupumzisha magoti, akaisoma polepole, kidole chini ya kila neno, maana shule aliiacha darasa la tatu. Kwenye saini alikaa muda mrefu kuliko kwenye maneno yote. Kisha akaingia na kuomba kadi.

"Na huyo Kitunguu anasoma vizuri?" Mama Vitabu aliuliza sasa.

"Siku hizi, ndiyo. Mwanzoni aliniletea visingizio. Mara kachoka, mara kichwa, na viatu kavitupa katikati ya sebule. Nikamwambia, macho yangu yameshazikataa herufi ndogo, sasa utaniacha nikae kama gogo? Akasoma. Leo hii akifika penye simba ananguruma mpaka jirani anagonga ukuta. Juzi yule kobe alipopotezana na mama yake, akalia. Akasingizia moshi."

"Moshi gani?"

"Hata mimi nilimwuliza hivyo hivyo."

"Mlete basi, Bibi, nimwone."

"Ana haya, mwanangu. Mbele za watu anajifanya mgumu."

Mama Vitabu alianza kuhesabu vitabu. Ishirini na saba. Ishirini na nane. Cha ishirini na tisa kikachelewa, akakosa usingizi. Cha thelathini kilitua mezani Ijumaa asubuhi, saa moja kabla ya kufunga mpango, na bibi alikisimulia chote amesimama, na sauti ya punda akaitoa. Nyota ya mwisho iligongwa kwa nguvu hadi kidau cha wino kikaruka.

Saa ya kufunga ilipofika, wazazi na watoto walijaa maktaba hadi koridoni, wengine wamekalia yale madawati mabovu. Mwalimu Mkuu alisimama mbele, tai imekaza. Alikuwa ameshaanza kusema kwamba yapo mambo ambayo watoto wa leo yamewashinda, tukubali tusikubali, macho yake yalipofika safu ya nyuma. Akakohoa. Akainyoosha tai. Kule nyuma bibi alikuwa ameketi, mkoba mapajani, ametulia kama maji mtungini.

Mama Vitabu aliona hiyo ndiyo nafasi yake. Akamkabidhi kadi, ameshaifungua. "Thelathini, Mwalimu Mkuu. Zihesabu mwenyewe."

Alizihesabu. Akazirudia, kwa kidole. Kisha, kwa unyonge wa mtu anayeiona saini yake mlangoni, akatangaza kwamba chumba ni cha vitabu, madawati yatafutiwe kwingine. Watoto walipiga kelele mpaka vioo vikatetemeka. Mama Vitabu alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

"Na sasa," alisema Mwalimu Mkuu, "bingwa mwenyewe aje achukue zawadi yake. Anaitwa..."

Akaikunja kadi, akatazama jalada.

Akalisogeza karibu na macho.

"Kwa sauti, Mwalimu!" alidakia binti wa fundi cherehani, aliyekwisha kurudi kutoka kwa shangazi. "Huku hatusikii!"

Midomo ya Mwalimu Mkuu ilicheza, neno likagoma kutoka. Mama Vitabu alidhani macho yamemsaliti, akaamua kumsaidia. "Kitunguu!" aliita. "Kitunguu yuko wapi? Njoo mbele, mwanangu, usione haya!"

Watoto wakaangaliana. Hakuna aliyeinuka.

"Mbona yuko mbele tayari," alisema bibi.

Mwalimu Mkuu alilegeza tai, macho yameshaanza kulengwalengwa na machozi. "Bibi," alisema, "jina hili si tulikubaliana liishie nyumbani?"